Mjadala: Je, kuonyesha kidonda cha mwanamke Mweusi kunatosha kuitwa uwakilishi?

Ndugu na dada zangu, swali hili limetugawa hapa Bukavu kwa ajili ya tamthilia ya Dead Ringers ya mwaka 2023, ambamo Rachel Weisz peke yake anaigiza mapacha wawili, Beverly na Elliot Mantle, madaktari wa uzazi wa New York wanaogawana kazi, nyumba na hata wapenzi. Wanaoisifu wanakumbusha kwamba katika filamu ya kwanza ya jina hilohilo, ya David Cronenberg ya mwaka 1988, mapacha hao walikuwa wanaume, na wanawake walikuwa miili ya kuchunguzwa. Sasa wanawake ndio wenye elimu, wenye tamaa na wenye makosa, na mpenzi wa Beverly, Genevieve, anaigizwa na Britne Oldford, ambaye si Mzungu.

Kwanza niondoe njiani hoja ya wale wanaoikataa tamthilia hii kwa sababu ya mahaba yake, wakidai kwamba kukutanisha mapacha na mambo ya kitandani ni ugeni. Waluba wa Katanga wana nyimbo za mapasa, yaani za mapacha, ambamo watu wazima wenye heshima zao hutaja mambo hayo waziwazi mbele ya jamaa wote. Mahaba si kosa. Kosa ninaloliona liko katika namna yalivyogawanywa.

Katika hadithi ya namna hii, mtazamaji huingia katika akili ya yule anayetamani, akaogopa pamoja naye na hata akamsamehe, kwa hiyo kuhesabu rangi za waigizaji hakutufikishi mbali. Yatupasa kuuliza tamaa ya nani ndiyo inayosukuma kisa. Na hadithi ya mapacha ina ugumu wa ziada, kwa kuwa uso mmoja umekwisha kushika nafasi mbili kuu kabla ya mwingine yeyote kuingia.

Tazameni sehemu ya tano, inayowapeleka mapacha Alabama, kusini mwa Marekani, ambako kinatokea kivuli cha msichana mtumwa ambaye kisa chake kinafuata kile cha Anarcha. Anarcha aliishi kweli. Kati ya 1845 na 1849, mjini Montgomery, hukohuko Alabama, daktari J. Marion Sims alijaribu upasuaji wa fistula, yaani tundu la ukeni linalovujisha mkojo au kinyesi, juu ya wanawake watumwa, wakiwemo Anarcha, Lucy na Betsey, bila dawa ya usingizi, na Anarcha peke yake alipasuliwa mara 30 hivi. Sanamu ya Sims iliondolewa Central Park, bustani ya New York, mwezi Aprili 2018. Desemba ya mwaka huohuo Daktari Denis Mukwege, ambaye katika Hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, ametibu fistula za mama na dada zetu wengi, alipokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Ndiyo maana watu wa Bukavu hatuwezi kuitazama sehemu hiyo kama habari ya mbali.

Dada mmoja wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, alinijibu kwamba kumwacha Anarcha nje kungekuwa ubaya mkubwa zaidi, na ninakubaliana naye kabisa, maana Sims alisifiwa muda mrefu huku wanawake wale wakisahauliwa. Lakini msichana yule anaingia akiwa amekwisha kufa, anaitikisa dhamiri ya daktari Mzungu, kisha hadithi inarudi kwa mapacha na tamaa zao. Mzungu amepewa mapenzi, wivu na wazimu. Mweusi amepewa maumivu. Wanawake wanaopona Panzi, na wale wanaokaa Cité de la Joie, kituo cha wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, kilichofunguliwa hapa mjini mwaka 2011, hawakuishia kwenye kidonda. Wanacheza ngoma, wanajifunza kazi, wanataka kupendwa na kumchagua wenyewe wa kumpenda. Mwandishi anayemwogopa mwanamke wa namna hiyo katika chumba cha mahaba, lakini haogopi kumlaza juu ya meza ya upasuaji, bado hajamwakilisha.

Sasa ninawaomba wanaoona kwamba Genevieve anatosha wanijibu jambo moja: ni uamuzi gani wake, uliotoka katika matakwa yake na si katika ugomvi wa mapacha, uliobadilisha mwelekeo wa hadithi? Tutajieni mahali penyewe, tupaangalie tena pamoja.