Swichi ya pikapu inagoma kuzunguka, naombeni ushauri wa haraka

Njia_Panda
Wakuu habari za muda huu. Nina pikapu ya zamani, ya mwaka 1994, gia za mkono, injini haina neno kabisa ila swichi ndio inanitoa roho. Ufunguo unaingia vizuri lakini kuuzungusha ni mpaka uubembeleze, unautoa kidogo, unaurudisha, unaujaribu tena, kuna siku nakaa dakika kumi humo ndani kama nasubiri abiria. Sasa imefika pabaya zaidi. Ninachotaka kujua ni kimoja tu, nikiweka kitufe cha kubonyeza nikaachana na ufunguo moja kwa moja, naunganisha waya zipi na zipi? Kitufe nimeshanunua. Nina haraka kidogo, mwisho Ijumaa.

Kisoda
Weka gia kwenye P, kanyaga breki, zungusha. Utanishukuru baadaye.

Njia_Panda
Mkuu nimesema gia za mkono.

Kisoda
Aah basi sijui.

Mama_Gereji
Njia_Panda usikate waya kwanza. Hapo kuna vitu viwili watu wanavichanganya, kuna kitasa ambacho ufunguo unaingia, halafu nyuma yake kuna swichi yenyewe ya umeme. Kwako kinachogoma ni kitasa, umeme hauna kosa, sasa unauadhibu wa nini? Na kitu kingine, ndani ya ile shingo ya usukani kuna chuma kinachodondoka ufunguo ukitoka, ndicho kinafunga usukani. Kitufe hakikiinui hicho chuma. Utawasha injini vizuri tu halafu gari halikati kona.
Tena mara nyingi ufunguo unagoma kwa sababu uliegesha tairi zimekunjwa, chuma kimebanwa upande mmoja. Shika usukani, uvute kushoto kulia huku unazungusha ufunguo taratibu. Na hilo "pabaya zaidi" ni pabaya gani?

Njia_Panda
Asante dada, usukani nimeshautikisa sana. Pabaya ni kwamba sasa haizunguki kabisa. Kuhusu huo usukani nitaangalia namna. Waya zipi sasa?

Tairi_Bapa
Mimi nilikuwa na shida kama hiyo, chanzo kilikuwa mzigo wa funguo. Nilikuwa nimening'iniza funguo za nyumba, za stoo, kufuli mbili na kifungua chupa, vyote vinacheza pale kwenye swichi kila shimo la barabara. Kitasa kikalegea mpaka ikawa ufunguo natoa gari linatembea, jamaa zangu wakawa wananilipia kinywaji niwaonyeshe. Msicheke lakini, kule Marekani mwaka 2014 General Motors waliita magari kama milioni 2.6 yarudishwe kurekebishwa kwa sababu ya swichi, ukigusa kwa goti au funguo zikiwa nzito ilikuwa inarudi kutoka ON mpaka ACC, ile hatua ya redio tu, injini inazima unatembea na airbag hazifunguki. Watu walikufa. Kwa hiyo punguza funguo.

Njia_Panda
Wangu una ufunguo mmoja tu mkuu, na kamba.

Fundi_Kimya
Umepaka nini humo?

Njia_Panda
Ile spreya ya kulegeza nati. Nilipuliza siku ya kwanza ikawa laini kabisa, baada ya wiki ikarudi, nikapuliza tena. Kopo limefika nusu.

Fundi_Kimya
Ndio hapo. Ndani ya kitasa kuna vibati vyembamba, kila kimoja na springi yake ndogo, meno ya ufunguo yanavipanga vyote sawa ndipo kizunguke. Kibati kimoja kikichelewa, kitasa hakiendi. Spreya inalainisha siku hiyo, halafu inashika vumbi na unga wa shaba unaotoka kwenye ufunguo uliolika, vinageuka uji. Kitasa kinataka kitu kikavu, unga wa grafaiti, hata penseli laini ukisugua kwenye ufunguo inatosha. Ila sio juu ya hayo mafuta, utapata tope. Kisafishwe kwanza.
Toa ufunguo upige picha ya meno yake.

Njia_Panda
Hautoki.

Mama_Gereji
Mbona ulisema unaingia na kutoka?

Njia_Panda
Ulikuwa unatoka. Sasa hautoki.

Mama_Gereji
Mdogo wangu sema kilichotokea, sisi hatukupigi.

Njia_Panda
Haya. Umekatika. Jumapili nilikuwa nauzungusha na plaizi, sio kwa nguvu, nilikuwa nafanya hivyo karibu mwezi mzima na ulikuwa unakubali, siku hiyo tu ndio ukakatikia shingoni. Kichwa ninacho mkononi, meno yamebaki ndani. Ndio maana nauliza kitufe, maana kitasa naona ni kama kimekufa na sina ufunguo wa pili. Kumbe ningeanza na hilo mngeniambia nimekosea na nisingepata jibu la waya.

Kisoda
Plaizi mwezi mzima 😂😂 huo ufunguo umevumilia kuliko ndoa yangu.

Bwana_Taratibu
Vijana wa siku hizi hamna subira. Zamani kifaa kikigoma mtu anakaa chini anakitafakari. Sasa hivi plaizi. Kesho nyundo.

Popo_Mchana
Naomba niulize ambalo wengine mnaona aibu kuuliza. Mtu ana gari la kwake, hana ufunguo wa pili, kitasa kinagoma, ana haraka mpaka Ijumaa, anapewa namna ya kutengeneza kitasa hataki, kila akiandika anauliza waya zipi. Mwenye gari anaulizia kitasa. Anayeulizia waya mnamjua. Na mnamwambia usukani umefungwa anajibu "nitaangalia namna". Namna gani? Na kama sio hivyo basi ni stori ya kutunga, maana kila akibanwa kinaongezeka kipande.

Tairi_Bapa
Daah. Mimi nimeandika aya nzima.

Kisoda
Mods fungeni uzi.

Njia_Panda
Jamani mimi sio mwizi!! Popo umenikosea sana.
Sawa, gari sio langu. Ni la kaka. Amesafiri miezi miwili, aliliacha hapa, akaniambia niwe naliwasha tu mara moja kwa wiki betri isife, nisilitoe getini. Nikawa nalitoa kidogo. Anarudi Jumamosi. Ufunguo wa pili anao yeye. Nikiweka kitufe pale chini karibu na mguu hataona haraka, nitamwambia polepole, hata ni maboresho ukiangalia vizuri.

Popo_Mchana
Imeongezeka kingine. Kesho tutaambiwa kaka ni pacha.

Bwana_Taratibu
Mpigie simu kaka yako. Mali ya ndugu haifichwi.

Njia_Panda
Mzee wewe humjui kaka.

Mama_Gereji
Subirini. Njia_Panda jibu hili bila kutafuta popote. Ufunguo ulipokatika kitasa kilikuwa kimesimama nafasi gani, na umejuaje?

Njia_Panda
Nafikiri ACC, maana kilipiga hatua moja tu na redio ikawaka. Ndio kitu kilichonitesa zaidi, redio ikawa inaongea na mimi sina pa kuzimia, nikaenda kufungua betri. Mpaka leo terminali iko nje. Na usukani uko huru, ndio maana nikasema nitaangalia namna.

Mama_Gereji
Mimi namwamini. Anayetunga hakumbuki redio.
Sasa sikiliza, una bahati mbaya ya plaizi na bahati nzuri ya ACC. Kingebaki LOCK, ile nafasi ya kufunga, tungekuwa tunazungumzia drili. Vitasa vingi vya umri huo vinachomoka vikiwa ACC. Betri iache hivyo hivyo. Fungua plastiki inayozunguka shingo ya usukani, skrubu ziko chini. Angalia pembeni ya kile chuma kinachobeba kitasa, kuna tundu dogo, ndani yake kuna pini. Chukua kitu chembamba kigumu, msumari uliokatwa ncha unafaa, bonyeza pini huku unavuta kitasa kuja kwako. Kinateleza chote.

Njia_Panda
Vuta kwa nini, hakuna cha kushika.

Mama_Gereji
Bisibisi bapa nyembamba kwenye mdomo wa kitasa, unainua kidogo kidogo. Usikizungushe.

Fundi_Kimya
Nyongeza. Usikitoe hicho kipande cha ufunguo mwenyewe ukiwa hapo, vibati vinaruka na springi zake hutaziona tena. Peleka kitasa na kichwa cha ufunguo kwa mchonga funguo. Asichonge kwa kufuata meno yako yaliyolika, utapata nakala ya ubovu. Apime vibati. Na angalia kama mlango unatumia ufunguo huo huo, kitasa cha mlango hakitumiki sana kwa hiyo hakijalika, atapata vipimo pale.

Njia_Panda
Mlango ni huo huo ndio. Ila kitufe je, pesa imeshatoka.

Fundi_Kimya
Weka honi nayo.

Njia_Panda
Mrejesho. Kimetoka. Pini nimeitafuta saa nzima, ilikuwa upande ambao sikuwa naangalia. Kitasa chenyewe kimejaa uji mweusi kama Fundi alivyosema, umenichafua mpaka kwenye kiwiko. Mchonga funguo kakiosha, kakausha, kapiga unga, kaniambia vibati viwili vimelika na amebadilisha, ufunguo mpya unazunguka kwa vidole viwili, nimekaa nauzungusha tu bila kuwasha. Tatizo sasa ufunguo wa kaka, ule wa pili, sina uhakika kama utakubali kwenye vibati vipya.

Popo_Mchana
Huenda usikubali vizuri, kama vimepangwa kwa huu mpya.

Njia_Panda
Nimempigia. Haijapokelewa.

Abiria_Mpya
Sijasoma uzi wote, ila umejaribu kupuliza ile spreya ya kulegeza nati?