Tunataka tuwe wangapi duniani, na tuishi vipi?

Mleta mada: Wakuu, msimamo wangu ni huu: dunia yenye watu wachache kuliko leo ingempa kila mmoja maisha bora, na tusiogope kulisema. Mwaka 1927 tulikuwa bilioni 2 hivi. Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ukatangaza tumefika bilioni 8. Mara nne ndani ya umri wa mtu mmoja! Najua mtanikumbusha kwamba Malthus, yule mwanauchumi Mwingereza, alionya kuhusu njaa mwaka 1798 na watu wakazidi kushiba. Ndiyo, ila karibu nusu yetu tunakula mazao yanayotegemea mbolea ya viwandani, inayotengenezwa zaidi kwa gesi asilia na kuchafua mito. Na kushiba pekee hakutoshi. Mtu anahitaji maji safi, mahali pa kuishi, mwalimu anayelijua jina la mwanawe, na misitu iliyobaki imesimama.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mada hii kila ikiletwa anayenyooshewa kidole ni maskini mwenye watoto sita, wakati asilimia 10 ya watu matajiri zaidi ndio wanaotoa karibu nusu ya hewa ukaa. Halafu tumeshaona inakoishia. India mwaka 1975 hadi 1977 mamilioni walifungwa uzazi, wengi kwa kushurutishwa. China nayo ikang'ang'ania mtoto mmoja mpaka 2015. Hao watu wachache utawapata kwa kumnyima nani?

Mleta mada: Kwenye kulazimisha tuko pamoja, na yeyote anayetetea ukatili ule simuungi mkono. Matajiri nao wapunguze, tena sasa hivi. Lakini maskini wa leo hataki kubaki maskini, na ni haki yake. Akipata umeme, jokofu na usafiri, matumizi yake yatapanda. Anayesema idadi haina neno aniambie ni nani atakayezuiwa asipande.

Njia ya heshima ipo. Bangladesh mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alizaa wastani wa watoto karibu saba; leo ni wawili hivi. Haikuwekwa sheria ya kuhesabu watoto. Wahudumu wa afya wanawake walipita nyumba kwa nyumba na dawa za uzazi wa mpango, wasichana wakaenda shule, vifo vya watoto vikapungua. Zaidi ya wanawake milioni 200 katika nchi zinazoendelea hawataki mimba kwa sasa, na bado hawatumii njia ya kisasa. Hao waanze kusikilizwa.

Mchangiaji wa pili: Na wazee atawatunza nani? Korea Kusini mwaka 2023 ilishuka hadi wastani wa mtoto 0.72 kwa mwanamke.

Mleta mada: Swali zito hilo. Kushuka kwa kasi namna ile kunaumiza, na vijana wa kule wanalalamikia saa ndefu za kazi na gharama za nyumba na masomo. Ila Umoja wa Mataifa unakadiria tutafika kilele cha bilioni 10.3 hivi miaka ya 2080, kisha tupungue. Uzee wa jamii unakuja kwa wote. Mimi naona heri upungufu uanze mapema na polepole, kwa hiari ya wanawake wenyewe. Anayeona bilioni 10 ni heri zaidi aeleze maji yao yatatoka wapi.