Samaki changu kanigandia kwenye wavu wa kuchomea tena, nakosea wapi?

mgeni_wa_jiko:
Wakuu, habari za Jumapili. Alfajiri nilidamkia Feri, soko la samaki la Dar, nikachukua changu wawili, kila mmoja kama kilo, macho maangavu, mashavu mekundu. Wapaa samaki wakawasafisha palepale. Nyumbani nikachanja mmoja, nikamtia ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, nikamwacha masaa matatu akolee. Kumgeuza tu, ngozi yote imebaki kwenye wavu, minofu imeangukia mkaani. Shemeji zangu wamekula ugali na kichwa. Wa pili yuko kwenye friji. Nimfanyeje?

kibanda_umiza:
Mfunge kwenye foili, yaishe.

mama_mwambao:
Foili huko ni kumchemsha, si kumchoma.

Mwanangu, kosa la kwanza ni hiyo ndimu. Masaa matatu imeshamlegeza kabla hajaonja moto, ndiyo maana kavunjika. Robo saa inatosha. Kisha mfute, ndani na nje, kwa kitambaa kikavu. Samaki mwenye maji lazima agande. Mpake mafuta yeye, na wavu uweke mtupu juu ya mkaa hadi tone la maji likidondoka litoweke hapohapo. Mkaa wenyewe uwe umeshavaa majivu, usiwe wa kuruka miali.

Halafu mikono nyuma! Nyie vijana mnapenda kumchokonoa. Mwinue kidogo ubavuni; akikung'ang'ania, bado. Akiiva ataachia mwenyewe. Changu wa kilo mpe kama dakika kumi kila upande, kisha chungulia kwenye mchanjo: nyama iwe nyeupe na ianze kuachana na mwiba.

Ukitaka wa kupaka, tui zito na ukwaju mpake mwishoni, ameshaiva. Tui likitangulia linaungua nje, ndani damu. Marehemu bibi yangu kule Pangani hata hakuwa anampaa. Alimchoma na magamba yake, mezani ngozi inabanduka kama gome.

mzee_ngalawa:
Bi mkubwa kamaliza. Mimi naongeza la barafu tu. Changu ana uvumilivu kidogo, lakini vibua na jodari ukiwatembeza juani kwenye ndoo kutoka Feri hadi Tegeta, wanatengeneza sumu ambayo moto hauiondoi. Utawashwa mwili mzima na kichwa kitagonga. Nenda na barafu yako.

mgeni_wa_jiko:
Shikamoo mama, na mzee pia. Mrejesho wa Jumatatu: nimemfuta mpaka mke wangu akauliza kama namwandaa kwa harusi. Kageuka mzima! Nilimwinua mara moja akanig'ang'ania, nikarudisha mikono nyuma kama nilivyoambiwa. Mkia tu ndio umebaki kwenye wavu, na huo paka kaushughulikia.

mama_mwambao:
Marahaba. Mkia huwa unatangulia kuungua, mwanangu. Siku nyingine usukume ukae nje ya mkaa.