Naomba ushauri: risasi (metali ya lead, si ya bunduki) ndani ya bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) inaeleza asili ya shaba au la?

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu kuhusu biashara ya metali ya kale, nimekwama. Nina vipimo vya isotopu za risasi (atomi zake za uzito tofauti, ambazo uwiano wake husaidia kutambua machimbo) vya vipande 14 vya bronzi. Tisa vinalingana na madini ya Kupro, sawa na shaba ya meli ya Uluburun iliyozama pwani ya Uturuki mwishoni mwa karne ya 14 KK. Vitano vimeangukia katikati ya maeneo mawili ya madini. Nimelinganisha pia viwango vya nikeli na aseniki (elementi zilizomo kidogo ndani ya shaba), wapi! Nimezidi kuchanganyikiwa. Viwili kati ya hivyo vina risasi zaidi ya asilimia 4; nahisi iliongezwa makusudi, basi isotopu zake zinaeleza risasi, si shaba.

Je, niviondoe? Na vitatu vilivyobaki, nitajuaje kama ni bronzi chakavu iliyoyeyushwa upya?