Naomba ushauri: chuo chetu cha ufundi kinahamishia kozi zote mtandaoni, tuchukue mfumo upi?

Mkuu_wa_Idara ameandika:

Wakuu, heshima kwenu nyote. Mimi ni mkuu wa idara katika chuo binafsi cha ufundi huku Nyanda za Juu Kusini, ambako tunafundisha umeme na ufundi mitambo kuanzia ngazi ya 4 hadi ya 6. Uongozi umeamua kwamba kuanzia muhula ujao kozi zetu zote zitolewe kwa njia ya mtandao, na jukumu la kupendekeza mfumo limeangukia mabegani mwangu. Nimebaki njia panda kati ya Moodle, ambayo haina gharama ya leseni lakini inadai seva na mtu wa kuitunza, na Google Classroom, ambayo baadhi ya wakufunzi wenzangu waliizoea pale vyuo vilipofungwa Machi 2020. Wanachuo wengi wana simu janja, wachache wana kompyuta mpakato, na wapo wanaotoka vijiji ambako mtandao unapatikana mpaka mtu apande kilimani. Muda umebana na usingizi siupati. Naomba wenye uzoefu wanielekeze.

BintiTehama:

Chukua Moodle, mkuu, wala usisumbuke sana. Inatumika vyuoni duniani kote tangu 2002, na programu yake ya simu inamruhusu mwanachuo kupakua somo akiwa mjini, akalisoma nyumbani bila mtandao, kisha majibu yake yakapanda atakaporudi kwenye mawimbi. Jambo la kuangalia ni video. Dakika 10 zilizorekodiwa kwa ubora wa juu kabisa zinaweza kuzidi megabaiti 150, wakati somo hilohilo likipunguzwa hadi ubora wa 360 halifiki hata theluthi ya hapo, na mkono wa mkufunzi bado unaonekana. Wakufunzi hurekodi kana kwamba kila mwanachuo ana bando la ofisini, halafu wanashangaa kwa nini hakuna aliyefungua somo.

Mzee_wa_Kerezo:

Sisi tuliosomea ufundi zamani tulianza kwa tupa. Ulipewa kipande cha chuma, ukakipiga tupa mpaka kikawa mraba, mwalimu akaweka pembemraba yake juu akatazama kama mwanga unapenya, na ukipenya unarudi kwenye jiliwa. Siku ya kwanza kwenye mashine ya kerezo, ile inayozungusha chuma kikichongwa, mwenzetu mmoja aliuacha ule ufunguo wa kukazia kifaa ndani ya kichwa cha mashine na akanyoosha mkono kwenye swichi. Mwalimu hakusema neno; alimshika mkono hewani. Baada ya hapo ilikuwa sheria kwamba ufunguo hautoki mkononi mwako mpaka urudi mahali pake. Sasa niambieni ni mfumo gani wa mtandao utakaomshika mtoto mkono.

Kitochi:

Fundi aliyehitimu kwa WhatsApp akija kunifungia soketi, nitamlipa kwa picha ya noti.

Mama_Mkufunzi:

Kitochi, tuache utani kidogo, maana kuna neno moja katika maelezo ya ndugu yetu ambalo nyote mmelipita. Amesema kozi zote. Kuhamisha hesabu za uhandisi, michoro, kanuni za usalama na nadharia ya umeme ni jambo linalowezekana, na hata VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, walipoanzisha programu ya simu ya VSOMO mwaka 2016 kwa kushirikiana na Airtel, mwanafunzi alisoma nadharia kwenye simu lakini vitendo alivifuata katika chuo cha VETA. Hawakudai kwamba simu inatosha. Mkuu wa idara, karakana yenu imo wapi katika mpango huu?

Mkuu_wa_Idara:

Nashukuru kwa swali, mama. Karakana ipo katika kipindi cha mabadiliko, na uongozi unalishughulikia suala hilo. Kwa sasa ningependa tubaki kwenye mfumo, kwa sababu ndicho nilichotumwa kukileta mezani.

Mwalimu_Eldoret:

Habari zenu, majirani. Huku Kenya pia mwaka 2020 tulifundisha vyuo vya kiufundi kwa simu, na nilichojifunza ni kwamba nadharia ilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia, ila waliporudi nilikuta kijana aliyejibu maswali yote ya nyaya bila kosa akikaza skrubu juu ya ganda la waya badala ya shaba. Kwenye picha aliyonitumia wakati wa karantini kiungo kilionekana safi. Umeme ungepita kidogo, kisha kingepata moto na kuunguza soketi. Hayo ni yangu. Lakini wewe hujamjibu mama: maneno "kipindi cha mabadiliko" yana maana gani hasa?

Mkuu_wa_Idara:

Sawa, nitaeleza, ingawa sikukusudia mjadala uelekee huko. Jengo la karakana limepangishwa kwa mfanyabiashara anayehifadhi mbolea, na mkataba umeshasainiwa. Mashine za kerezo zimeuzwa. Wanachuo wa muhula ujao wamekwishalipa sehemu ya ada, na kipeperushi kinachosema kwamba mafunzo ni ya mtandaoni asilimia 100 kimeshachapishwa.

Naomba msinihukumu kabla ya kunisikia. Zile mashine zilikuwa chakavu, vipuri havipatikani, na katika kila kipindi mwanachuo mmoja alikuwa anafanya kazi huku wengine wote wakitazama visogo vya wenzao. Katika video iliyorekodiwa kwa ukaribu, kila mmoja anauona mkono wa mkufunzi kama amekaa mbele kabisa, na anaweza kurudia mara anazotaka. Mazoezi ya saketi nayo yanaweza kufanyika kwa programu za kuigiza kwenye simu, na vitendo vyenyewe watavikuta wakati wa mafunzo kazini. Ratiba hiyo nimeiandaa mwenyewe na kuisaini, na bado naamini ina hoja ndani yake.

Mama_Mkufunzi:

Hoja ya visogo naikubali, kwani nimefundisha darasa la aina hiyo. Lakini mafunzo kazini yana mpangilio wake: kiwanda kinampokea mwanachuo kikitegemea kwamba bisibisi anaifahamu, na akionekana hajawahi kushika chochote atapewa ufagio hadi muda uishe. Zaidi ya hapo, mitaala tunayoitumia ni ya umahiri, maana yake tunapima kile ambacho mwanachuo anaweza kukifanya, na NACTVET, Baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, ilipowapa ithibati iliangalia pia vifaa na karakana. Je, Baraza limearifiwa kwamba karakana sasa ni ghala la mbolea?

Mkuu_wa_Idara:

Hilo lipo ngazi ya mkuu wa chuo.

Shahidi_Asiyeapa:

Wakuu, mnapewa chai na mnaongeza sukari wenyewe. Huyu amejiunga juzi na hana uzi mwingine wowote. Anaandika kama hotuba ya mahafali, na kila akiulizwa anatoa kipande kipya kinachonogesha simulizi kuliko kile cha kwanza: mara karakana, mara mbolea, mara kipeperushi. Mimi nahisi ni muuzaji wa mifumo ya masomo ambaye baada ya kurasa mbili atatuletea kiungo cha bidhaa yake. Kama kweli ni mkufunzi wa umeme, ajibu hili: mwanachuo yuko kwao, anapima ukinzani wa kihami, yaani ganda la nyaya, kwenye nyumba mpya kwa mega, kile kipimo cha ukinzani mkubwa, kati ya waya wa moto na nyutro, anapata karibu na sifuri. Utamwambia nini?

BintiTehama:

Hata kama ni chai, mkuu, swali lenyewe ni la kweli, na vyuo vinavyolikabili si kimoja.

Mkuu_wa_Idara:

Jina la chuo sitalitaja, kwa sababu nina familia na kibarua nakihitaji. Swali lako nalijibu. Nitamwambia ahakikishe kwanza kwamba swichi kuu imezimwa, kisha atoe taa zote na kuchomoa kila kifaa, kwa sababu balbu ikiwa bado ipo mahali pake mega itasoma kupitia humo na kumdanganya kwamba kihami kimekufa. Swichi za taa aziache zimewashwa ili nyaya zake nazo zipimwe. Apime tena kwa volti 500, na akipata chini ya megaomu 1, atenganishe saketi mojamoja mpaka aipate yenye hitilafu. Nikiwa mtandaoni nitaiona namba aliyonitumia. Kama aligusa ncha za vipimo kwa vidole wakati anapima, hilo sitaliona.

Mbao za mazoezi ya stata ya nyota-delta, ile ya kuwashia mota kubwa, hazikuuzwa. Zimeegemezwa nyuma ya chumba cha mihadhara, kontakta zake, yaani swichi za sumaku, zimefunikwa kwa magunia ili vumbi lisiingie. Aliyezifunika ni mimi.

Shahidi_Asiyeapa:

Umeme unaujua. Kuhusu mengine naendelea kutazama.

Mzee_wa_Kerezo:

Kama mbao zipo, umeme umepona nusu. Mitambo ndiyo iliyobaki yatima.

Mama_Mkufunzi:

Basi tuongee la kufanyika. Nadharia ipeleke mtandaoni bila woga. Kwa umeme, waite wanachuo kwa makundi madogo, kila kundi likae chuoni wiki kadhaa mfululizo kwenye hizo mbao, na mkufunzi anayewaita asiwe na kipindi kingine siku hizo. Hapo tatizo lako la visogo litakwisha bila kuuza kitu. Kwa ufundi mitambo, tafuteni chuo jirani chenye karakana, muingie makubaliano ya maandishi ya kuitumia siku za mwisho wa wiki au wakati wa likizo, na barua kwa Baraza iende kabla ya muhula kuanza. Waliolipa ada waelezwe kwa maandishi kwamba kuna vipindi vya kuhudhuria, maana wengine walichagua chuo hicho ili wasiache kazi zao.

Mkuu_wa_Idara:

Wazo la makundi nitalipeleka kwenye kikao, na mwalimu wa zamu wa chuo jirani tunafahamiana. Kipeperushi ndicho kigumu, kwa sababu mkurugenzi alikilipia kwa fedha zake na kimeshasambazwa makanisani na misikitini. Pia sijui nauli na malazi ya hao watakaoitwa kwa makundi vitatoka kwenye fungu gani, kwani bweni nalo limo kwenye mkataba wa yule mfanyabiashara.

Mwalimu_Eldoret:

Bweni pia?

Kitochi:

Mkuu, tuambie tu kama geti bado ni lenu.