Miezi nane baada ya mionzi bado anaharisha, maabara wanasema yuko sawa

Wakuu, heshima kwenu. Mama alitibiwa saratani ya shingo ya kizazi kwa mionzi, kamaliza miezi nane iliyopita. Tangu mwezi juzi anakwenda haja mara sita kwa siku, choo kina ute na michirizi ya damu. Kapimwa choo: hakuna minyoo, hakuna amiba, "yuko sawa". Sawa ipi kwa mtu anayelala na ndoo kando ya kitanda? Kuna kipimo cha maabara cha kuthibitisha kwamba ni mionzi?

Mzee wa Darubini: Pole kwa kuuguza. Nimekaa maabara miaka mingi, nikujibu wazi: hakipo. Maabara itakusaidia kuondoa watuhumiwa wengine na kuona kuhara kumemla kiasi gani. Choo kioteshwe kutafuta bakteria. Kama katumia antibayotiki karibuni, ombeni na kipimo cha sumu ya klostridiamu, bakteria anayeleta kuhara baada ya antibayotiki, hiyo darubini haiioni; peleka choo cha majimaji, cha siku hiyohiyo, kisichoingia mkojo. Kwenye damu: himoglobini, akiba ya madini ya chuma, potasiamu, figo, albumini (protini ya damu). Vitamini B12 usiisahau, maana hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, na kipande hicho mara nyingi kimelala ndani ya nyonga iliyopigwa mionzi.

Kaka Mdogo: Si madhara ya mionzi huisha wiki chache baada ya tiba?

Mzee wa Darubini: Ya mapema, ndiyo. Ya kuchelewa huanza baada ya miezi mitatu, mwingine hata miaka.

Bi Shuwari: Na kalprotektini, ile protini inayopimwa kwenye choo? Mimi pia nilipigwa mionzi; yangu ilipanda, nikajua jibu limepatikana.

Mzee wa Darubini: Inakwambia utumbo unawaka, haikwambii nani kauwasha. Hata diklofenaki, dawa ya maumivu, huipandisha.

Bi Shuwari: Basi ndiyo maana haikutosha. Mimi nilijulikana kwa kamera ya kuingizwa njia ya haja kubwa: vijishipa vyekundu vimetapakaa kwenye ukuta wa puru, mwisho wa utumbo mpana, kama utando wa buibui. Daktari hakukata kinyama cha kupima, alisema ukuta ulioungua kwa mionzi ukiutia kidonda huenda kisipone. Mdogo wangu, damu hiyo msiiachie maabara peke yake. Kamera apigwe, waone pia kama saratani haijarudi.

Mleta uzi: Asanteni sana. Nimeitoa fomu yake ya maabara sasa hivi. Imeandikwa "kuhara" basi, mionzi haikutajwa popote. Kesho asubuhi narudi nayo kwa daktari.