Je, dawa ya "kusafisha figo na ini" inaweza kumsaidia mama anayevimba miguu?

Mjukuu wa Ujiji

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Naandika kutoka Ujiji kuhusu mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 58. Ana presha tangu mwaka 2016, na amekuwa akimeza dawa zake kwa vipindi, yaani akijisikia nafuu anaziacha, kichwa kikianza kumgonga anazirudia. Tangu mfungo wa Ramadhani uliopita anaamka uso umejaa, hasa chini ya macho, na ikifika jioni mikanda ya kandambili inaacha mifereji kwenye nyayo zake. Amechoka kiasi kwamba akitoka sokoni anapumzika mara mbili kabla ya kufika nyumbani. Magoti nayo yanamuuma, kwa hiyo kila siku anameza diklofenaki mbili anazonunua duka la dawa bila cheti.

Juma lililopita jirani alimletea kidumu cha lita tano chenye maji ya mizizi, rangi yake kama chai ya rangi iliyolala, akaambiwa kwamba inasafisha figo na ini kwa pamoja, anywe bilauri moja asubuhi na moja usiku. Mama ameipokea kwa moyo mmoja. Ninachoomba kuelezwa ni namna figo zinavyoweza kumchosha mtu hivyo, ini linaingiaje katika habari hii, na kama ni vyema aendelee na kidumu hicho.

Tabibu wa Kasulu

Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Nitaanza na jambo moja ambalo naomba lifanyike leo hii: mama aache diklofenaki na hicho kidumu, lakini asiache dawa za presha.

Figo mbili, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia ngumi, hupokea takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa siku moja vichujio vyake hupitisha kiasi cha lita 180 za maji yaliyotoka kwenye damu, kisha karibu yote yanarudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu ndizo zinazotoka kama mkojo. Kwa hiyo mtu anaposema anataka kuzisafisha figo, namwuliza ni maji gani hayo ya bilauri mbili yatakayozishinda lita 180 zinazojiosha zenyewe kila siku.

Uchovu wa mama una maelezo yake. Figo hutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu, na zikichoka homoni hiyo hupungua, damu inapungua, na mtu anahema akipanda kijilima alichokuwa akikipanda huku akizungumza. Figo hizo hizo ndizo zinazosaidia kupanga kiwango cha presha na kuitayarisha vitamini D ili mifupa iweze kuitumia. Ndiyo maana mgonjwa wa figo huja kwetu akilalamikia kichwa, mifupa, moyo au usingizi, na mara chache sana akilalamikia figo. Kibaya zaidi ni kwamba presha huharibu vichujio vya figo, na figo zilizoharibika huipandisha presha, wakafuatana hivyo mpaka mtu aingilie kati.

Kuhusu diklofenaki, naomba nieleweke vizuri, kwa sababu nimeona wengi wakiumia hapa. Dawa hiyo hubana mishipa midogo inayoingiza damu kwenye vichujio. Ikiwa mama anatumia dawa ya presha ya jamii ya losatani, hiyo hulegeza mlango wa kutokea, na ikiwa ameongezewa ya kukojoza, maji ya mwili nayo yanapungua. Zikikutana zote tatu, msukumo wa damu ndani ya vichujio huanguka na figo zinaweza kusimama ghafla, hata kama kila dawa ingemezwa peke yake isingeleta shida. Kwa magoti, parasetamoli ni nafuu kwa figo, mradi asizidishe gramu 4 kwa siku, kwani ikizidi ini ndilo linaloungua. Ajulishe uzito wake na dawa zake zote ili apangiwe kiasi kinachomfaa.

Ini lina uzito wa karibu kilo moja na nusu nalo limejificha chini ya mbavu za kulia. Protini tunazokula zikivunjwa hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo. Ini huigeuza kuwa yurea, na figo zikaitoa yurea hiyo kwa mkojo. Ini likishindwa, mtu huweza kuchanganyikiwa, analala mchana na kukesha usiku. Figo zikishindwa, yurea hubaki kwenye damu, chakula kinakosa ladha na kichefuchefu kinaanza. Ini pia hutengeneza albumini, protini inayoyashikilia maji ndani ya mishipa, ambayo ikipungua maji huvuja na kujaa miguuni au tumboni. Kwa hiyo miguu iliyovimba inaweza kutoka kwenye figo, ini au hata moyo, na hakuna macho ya jirani yanayoweza kuvitofautisha. Vipimo vinaweza. Mpeleke apimwe presha, mkojo, wingi wa damu, sukari, kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinachuja vipi) na ini.

Mama Kibirizi

Mwanangu, mimi nitasema la ini, kwa sababu limetufika nyumbani. Mume wangu ni mvuvi na maji ya Ziwa Tanganyika ameyakanyaga tangu utotoni. Alikuwa na tumbo lililojaa upande wa kushoto, tukapoteza mwaka mzima tukitibu vidonda vya tumbo. Alfajiri moja alitapika damu, mabonge meusi kwa mekundu, beseni la kufulia likafika nusu.

Tulipewa rufaa kwenda Mwanza, na daktari akatueleza kwamba ni kichocho cha tumbo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai yakasombwa na damu hadi kwenye ini, na miaka ikipita makovu yanaiziba njia. Damu ikikosa pa kupita inarudi nyuma, bandama inavimba, na mishipa ya chini ya umio inatuna mpaka inapasuka. Nilishangaa alipotuambia kwamba vipimo vya damu vya ini lake vilikuwa karibu sawa, maana kazi ya ini ilikuwa inaendelea ingawa njia zake zimezibwa. Walimfunga ile mishipa kwa vipira vidogo, akapewa prazikwanteli ya kuua minyoo na dawa nyingine ya kupunguza msukumo. Anaendelea vizuri, lakini makovu yaliyokwisha kuingia hayafutiki yote, na akirudi majini anaweza kuambukizwa tena. Kama mama aliwahi kuchota maji ziwani au kuosha dagaa akiwa amesimama majini, mwambieni daktari jambo hilo bila kuulizwa.

Mzee wa Mwanga

Nashukuru kwa maelezo, lakini naomba dawa za asili zisitupwe zote. Sisi tulikuzwa kwa mizizi, na wengi tuko hai.

Tabibu wa Kasulu

Shikamoo mzee wangu. Sizitupi hata kidogo, kwani hata dawa ya mseto ya malaria tunayoitumia leo asili yake ni mmea. Tofauti ni kwamba katika kidonge tunajua kiasi kilichomo, na katika kidumu hatujui ni mizizi gani, imechemshwa muda gani, wala imechanganywa na nini. Karibu kila kitu tunachomeza hupita kwenye ini, na vingi hutokea kwenye figo, kwa hiyo mgonjwa wa viungo hivyo ndiye mtu wa mwisho kumpa kitu kisichojulikana kiasi chake.

Nami niongeze kuhusu ini: homa ya ini aina ya B huweza kukaa mwilini miaka mingi pasipo dalili, ikiharibu polepole. Watoto wetu hupata kinga yake ndani ya chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, lakini sisi watu wazima wengi hatukuipata, kwa hiyo ni vizuri kupima, na asiye nayo achanjwe.

Mjukuu wa Ujiji

Narudi na majibu. Tumekwenda leo asubuhi. Presha ilikuwa 168 kwa 102. Muuguzi alibonyeza muundi wa mguu wa mama kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki tukilitazama. Kisha alichovya kijiti kwenye mkojo, na kile kipande cha njano kikageuka kijani mbele yetu, akasema ni protini inayovuja. Damu pia imepungua. Majibu ya kreatinini na ini tutayapata Jumatatu. Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia daktari habari za kidumu na diklofenaki, nami nilifarijika sana kwa sababu nilidhani angeficha.

Amekubali dawa za kila siku. Swali lake moja tu ni kama bado anaruhusiwa kula mgebuka.

Tabibu wa Kasulu

Mwambie ale, lakini uwe mbichi, uliopikwa kwa chumvi kidogo sana, na ule uliokaushwa kwa chumvi auache kwa sasa. Kiasi cha samaki na cha maji ya kunywa kwa siku tutakijua baada ya majibu ya Jumatatu. Hadi hapo asilazimishwe kunywa lita nyingi, kwa kuwa mwili wake tayari umeshindwa kuyatoa aliyonayo. Akianza kukosa pumzi akilala chali, au mkojo ukikatika, msisubiri Jumatatu.